Chumvi na Chumba

Mama alikuza fuwele kwa reki na jua,
miezi minane kila mwaka katika jangwa la Kachi,
pampu ya dizeli ikikohoa mchana kutwa,
ikivuta maji makali kutoka tumbo la ardhi;
na kila tulipopima mavuno na kupiga hesabu
dizeli ilikuwa imeshakula kabla yetu,
ikatuachia makombo, na harufu yake ndani ya chai.

Mimi, Kanku, bintiye Jivti,
nakuza fuwele nyingine huku Bhavnagar,
ndani ya chupa ya chuma iliyokazwa kwa skrubu,
nyuzi mia na ishirini, usiku na mchana.
Chumvi ni jiwe lililoshiba: haina chumba.
Hizi zangu ni vyumba vitupu,
nguzo za zirkoni, boriti za kaboni,
sakafu juu ya sakafu, mlango kwa mlango;
gramu moja, ungeweza kuzikunjua kuta zake,
ingetandika nyua za mtaa wetu mzima.

Ndani ya vyumba tunakaribisha maji.
Si mengi. Tone lishikane na tone.
Kisha upande huu tunafungulia haidrojeni,
tunaivua elektroni, ikazunguke kwa waya ikafanye kazi,
na kilichobaki, protoni, uchi kabisa,
kinabisha hodi kwenye utando.
Watu hudhani inaogelea. Haiogelei.
Molekuli ya kwanza inaipokea, inatoa yake kwa jirani,
jirani anatoa yake,
kama ndoo siku nyumba inapoungua,
ila anayefika ng'ambo si yule aliyeingia.

Jumanne moja ya Januari Mama alipiga simu
nikiwa napima asidi.
Pampu imekufa, alisema. Silinda imepasuka.
Nikamimina mara mbili.

Asidi ikakalia nafasi za boriti,
jengo likasimama na mapengo.
Daktari Oza akatazama picha ya mionzi, akavua miwani,
akasema neno moja: mwaga.

Sikumwaga.
Usiku nilishindilia ule unga ukawa kidonge,
chembamba kama rupia iliyolika,
nikakibana kati ya vipande viwili vya dhahabu,
nikaachia mvuke.
Kwenye skrini ukinzani huchorwa kama upinde;
upinde mkubwa, protoni zimekwama foleni.
Wangu ulinywea.
Nikarudia. Ukanywea tena,
mpaka ukawa kama ukucha uliokatwa.

Palipokosekana boriti, maji yalikuwa yamehamia.
Tumefundishwa kuziba ufa tusije tukajenga ukuta;
huu ukuta ulipitisha kwa ajili ya ufa.

Sitaki kudanganya. Nyuzi themanini, saa tisa baadaye,
vyumba vilikauka,
upinde ukavimba ukaijaza skrini.
Na mapengo yakizidi
jengo zima hukaa chini, kama mtu aliyechoka.
Nilikuwa na gramu mbili tu,
na sikujua kama ningeweza kukosea vilevile tena.

Asubuhi Daktari Oza alisimama mbele ya namba zangu
chai yake ikapoa.
Akachukua penseli, akaandika kwenye daftari langu:
Kosea tena. Safari hii pima kosa.

Mwezi wa Machi tuliuchanganya unga na plastiki laini,
tukaupaka ukawa utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Nikampigia Mama.

"Hicho kitu chako kinavuta maji?"
Bado, Mama. Kinazungusha feni, ndogo kama kiganja.
Akanyamaza. Nikasikia reki ikikwaruza.
"Moshi wake je?"
Hakina moshi. Kinatoka jasho tu. Maji.
"Ya chumvi?"
Hapana. Matamu.

Akacheka, yeye anayengoja lori la maji kila Ijumaa
na mitungi imepangwa kwenye vumbi jeupe.
"Basi lete hayo kwanza," alisema.
"Pampu itafuata."